Jason Sendwe: depite wa Katanga aliyetaka mambo yaishe kwa kura

Mu Haut-Katanga, jina la Sendwe linatajwa kila siku. Familia ya Kakontwe ikiambiwa kama matunzo ya Likasi hayatoshi, inatafuta franga, inatafuta gari, inashuka na mgonjwa wake Lubumbashi, ku Sendwe. Watoto wamezaliwa pale, wazee wamefia pale. Lakini ukiuliza kijana kama Sendwe alikuwa nani, mara nyingi jibu ni moja: ni hospitali.

Sendwe alikuwa mtu. Alikuwa mwalimu, muhubiri, tena alifanya kazi ya kutunza wagonjwa. Kisha alikuwa depite, makamu wa waziri mkuu wa Kongo, na raisi wa jimbo la Katanga ya Kaskazini. Aliuawa Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, mwezi wa sita 1964. Maisha yake yanafaa kujulikana na wakaaji wa Likasi, kwa sababu mabishano ambayo alikufa ndani yake hayajaisha: nani ni mwenyeji wa Katanga, nani ni mgeni, na watu wakikosana juu ya hiyo, watatumia nini, kura ao bunduki?

Mtoto wa Kabongo

Jason Sendwe alizaliwa 1917 Mwanya, mu teritware ya Kabongo, ambayo leo iko mu jimbo la Haut-Lomami. Wazazi wake walikuwa Baluba. Alisoma mu shule za misioni ya Waprotestanti, na akili yake ilikuwa ku kazi ya munganga. Lakini zamani za Wabelgiji, kijana Mwafrika wa umri wake hakuwa na njia ya kusoma udaktari kamili hapa Kongo. Mweusi aliweza kufika paka ngazi ya musaidizi wa munganga. Angejua kazi vipi, angefanya miaka mingapi, daktari alibaki mzungu.

Basi Sendwe alifundisha, alihubiri, kisha akaingia kazi mu hospitali ya serkali. Kazi hizo tatu zilimpatia kitu ambacho wanasiasa wengi wa wakati ule hawakuwa nacho: watu walimjua kwa sura. Mwalimu anajua watoto, muhubiri anajua wazazi, na yule wa hospitali anajua kila nyumba yenye shida.

Miji ya migodi na swali la mwenyeji

Kwa kufahamu siasa yake, lazima kwanza kuangalia miji yetu wakati ule. Likasi iliitwa Jadotville, Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Kampuni ya Union Minière ilihitaji mikono mingi juu ya shaba na kobalti, na reli vilevile ilihitaji watu. Wafanyakazi walitoka Kasai, walitoka kaskazini ya Katanga, wengine walitoka mbali kuliko hapo. Ndani ya kambi moja ungesikia luga nyingi, na Kiswahili njo kilikuwa cha kuwasikilizanisha wote.

Mu miji ile, kila kabila ilikuwa na chama chake cha kusaidiana: kuzika wafu, kupokea mgeni aliyeshuka ku gari la moshi, kutafutia kijana kazi. Sendwe aliongoza vyama vya namna hiyo. Mwaka 1957 alianzisha kimoja cha Baluba wa Katanga, kikaitwa BALUBAKAT. Hakikuwa bado chama cha siasa.

Mwezi wa kumi na mbili 1957, Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa komini mu miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wakaaji wa Likasi walikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa mu inchi hii kutia kura mu sanduku. Mu Elisabethville, maburugumestre waliochaguliwa wote walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, zaidi wa Kasai. Wale waliojiita wenyeji wa asili walisikia uchungu. Mwaka uliofuata, 1958, CONAKAT ilizaliwa ili kutetea wenyeji hao. Kiongozi wake akawa Moïse Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara Mulunda, ambaye yeye vilevile alilelewa na misioni ya Waprotestanti.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Mwanzoni Sendwe na Tshombe walikuwa pamoja. Mapema 1959 BALUBAKAT iliingia ndani ya CONAKAT. Baluba wa Katanga walikuwa wenyeji kama Balunda na Bayeke, basi hapakuwa na sababu ya kubaki inje. Lakini ndoa ile haikufikisha mwaka. CONAKAT ilisogea karibu na wazungu waliokaa Katanga, wale walioota jimbo lenye kujitawala na mali yake. Tena maneno juu ya wageni yalizidi kuwa makali. Sendwe alitaka Kongo moja, na hakutaka watu wa Kasai wafukuzwe mahali walipojenga. Mwezi wa kumi na moja 1959, BALUBAKAT ikatoka.

Njo maana siasa ya Sendwe haifahamiki kwa urahisi. Chama chake kilibeba jina la kabila moja, lakini kilisimama kwa umoja wa inchi nzima. Kiliungana na FEDEKA, chama cha watu wenye asili ya Kasai, na ATCAR ya Watshokwe. Muungano huo uliitwa Kartel. Tena si kila Muluba alimfuata: mfalme Kasongo Niembo wa upande wa Kamina alisimama na CONAKAT. Mwenye kusema kama vita ya Katanga ilikuwa tu Baluba juu ya Balunda, hajasoma vizuri.

Kura zilizoacha kidonda

Mwanzo wa 1960 Sendwe alikuwa Bruxelles, ku Meza ya Mviringo, pale Wabelgiji na viongozi wa Kongo walipopatana kama uhuru utakuja tarehe 30 mwezi wa sita. Mwezi wa tano uchaguzi ukafanyika. Sendwe akachaguliwa depite mu bunge la taifa.

Matatizo yalikuwa mu bunge la jimbo. Viti vilikuwa 60. CONAKAT ilipata 25, Kartel ikapata 23, na 12 vilivyobaki vilienda kwa vyama vidogo na watu waliosimama peke yao. Kwa jumla ya kura za wananchi, Kartel ilikuwa mbele ya CONAKAT, lakini kwa viti ilikuwa nyuma. Mwenye kuhesabu kura alijiona mshindi, mwenye kuhesabu viti vilevile.

Sheria ya Msingi ilisema kama bunge la jimbo haliwezi kuweka serkali bila sehemu mbili juu ya tatu za wabunge kuwa ndani ya chumba. Watu wa Kartel wakakataa kuingia. Walifikiri hivi: bila sisi hamuwezi kufanya kitu, basi njoeni tugawane. Ilikuwa silaha ya sheria, bila damu. Lakini wazungu wa Katanga na CONAKAT walipiga kelele Bruxelles, na katikati ya mwezi wa sita, siku kama kumi na tano mbele ya uhuru, bunge la Ubelgiji likageuza ile sheria. Sasa nusu ya wabunge na kidogo walitosha. Tshombe akachaguliwa raisi wa jimbo.

Pale njo kidonda kilifunguliwa. Watu wa kaskazini waliona kama wamecheza mchezo kwa kufuata sheria, kisha mwenye mchezo akabadilisha sheria mpira ukiwa bado uwanjani. Na ukweli mwingine lazima kusemwa: kukataa kuingia bungeni kulimpatia adui nafasi ya kusema kama Kartel inafunga kazi ya jimbo. Kususia bunge ni dawa kali. Inaweza kuponya, inaweza kuua mgonjwa.

Serkali ya Patrice Lumumba ilitaka kurekebisha. Rémy Mwamba wa BALUBAKAT akapewa wizara ya haki. Sendwe mwenyewe akapangwa kuwa komisere wa taifa mu Katanga, maana yake jicho la serkali kuu karibu na Tshombe. Hakupata kuanza kazi ile. Tarehe 5 mwezi wa saba askari wa Force Publique waliasi. Tarehe 11 Tshombe akatangaza Katanga ni inchi peke yake.

Depite asiyeweza kurudi nyumbani

Kuanzia siku ile Sendwe alikuwa depite wa watu ambao hakuweza kuwafikia bila ulinzi. Alikaa Léopoldville, lakini kule kaskazini, mu Manono, Kabalo, Kabongo na Malemba-Nkulu, vijana wa BALUBAKAT walisimama juu ya serkali ya Tshombe kwa mishale, mapanga, na minyororo ya baiskeli. Majandarme wa Katanga, wakiongozwa na maofisa wazungu, walijibu kwa kuchoma vijiji.

Mwezi wa kumi 1960, ONU ilipatana na Tshombe juu ya eneo la kaskazini ambalo pande zote mbili zisipigane, na Sendwe alizunguka kule chini ya ulinzi wa ONU akiomba watu watulie. Watu walimpokea kwa wingi. Lakini utulivu haukudumu. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja, karibu na Niemba, wapiganaji Baluba waliwavamia askari Waireland wa ONU, na 9 kati yao wakakufa. Watu wale wa ONU njo walikuja kusaidia. Kwa kijana mwenye mushale, mzungu mwenye bunduki alikuwa mzungu mwenye bunduki. Jina la Sendwe liliimbwa, lakini sauti yake haikufika kila kijiji.

Mwezi wa kwanza 1961, askari wa serkali ya Stanleyville waliingia Manono, na jimbo jipya likatangazwa pale, chini ya Prosper Mwamba Ilunga, mtu wa chama cha Sendwe. Ni mwezi uleule Lumumba aliuawa mu Katanga. Mu miji ya kusini, Baluba walianza kutazamwa kama maadui wa ndani. Mu Elisabethville, kuanzia mwezi wa nane 1961, makumi ya maelfu ya watu, wa Kasai na wa kaskazini ya Katanga, walikimbilia kambi ya ONU. Baba aliyefanya kazi miaka ishirini mu kampuni alilala chini ya turubai, mita chache na mji aliojenga.

Makamu wa waziri mkuu

Mu mwaka huohuo wa 1961, wabunge wa taifa walifungiwa Lovanium, karibu na Léopoldville, mpaka wapatane. Mwanzo wa mwezi wa nane, serkali ya Cyrille Adoula ikatoka pale, na Sendwe akawa makamu wa pili wa waziri mkuu. Wa kwanza alikuwa Antoine Gizenga. Kumchagua Sendwe kulikuwa na maana: walihitaji Mukatanga mwenye watu nyuma yake, mwenye kusema kama Katanga ni Kongo, tena asiye mtu wa hasira. Wote, hata waliompinga, walimjua kama mtu wa kiasi.

Lakini kiasi kina bei. Watu wa Tshombe walimuona adui. Baadhi ya watu wa chama chake walimuona kama amelainika mu viti vya Léopoldville, huku wao walilala porini. Mwaka 1962 Katanga ya Kaskazini ikawekwa kuwa jimbo kwa sheria, Albertville ikiwa mji mkuu, na uongozi ukabaki kwa Mwamba Ilunga. Chama kikapasuka: upande wa Sendwe, upande wa Mwamba Ilunga. Mwisho wa mwaka ule, wabunge wenzake wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, na mwezi wa kwanza 1963 alikuwa nje ya serkali.

Angalia bahati mbaya ya ile tarehe. Ni mwezi huohuo Katanga ilirudi mu Kongo. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963, askari Wahindi wa ONU walivuka Lufira na kuingia Jadotville, mji uleule ambao mwezi wa tisa 1961 kampuni moja ya Waireland ilizungukwa na majandarme mpaka ikajitoa. Tarehe 21 ONU ikafika Kolwezi, na kujitenga kukaisha. Jambo ambalo Sendwe alililia miaka miwili na nusu lilitimia, na yeye hakuwa tena na kiti.

Albertville

Hakukaa Léopoldville kungoja kiti kingine. Alirudi Katanga. Mwezi wa tisa 1963, bunge la Katanga ya Kaskazini likamchagua raisi wa jimbo.

Jimbo alilolipokea lilikuwa maskini. Vijiji vilikuwa majivu, barabara zimekufa, na kodi ya migodi ilibaki kusini. Askari wa taifa walitendea wananchi vibaya. Vijana waliopigana miaka mitatu walirudi bila kazi, bila asante. Na wabunge wa jimbo waliendelea kugombana juu ya viti. Mwezi wa tatu 1964 serkali ya Sendwe ikaangushwa. Mwezi uliofuata, kwa kura nyingine, akarudi. Alianguka kwa kura, akasimama kwa kura, lakini wakati wabunge walihesabiana, watu wengine walikuwa wanapanga mambo bila sanduku.

Ng'ambo ya Tanganyika, mu Bujumbura, Gaston Soumialot alipanga uasi juu ya serkali ya Adoula. Ndani ya Albertville alisaidiwa na watu wa Katanga ya Kaskazini wenyewe, na kati yao kijana mmoja aliyekulia mu vijana wa BALUBAKAT: Laurent-Désiré Kabila. Mwisho wa mwezi wa tano vijana walisimama mu mji, na Sendwe akakamatwa. Siku chache nyuma, askari wa serkali walirudisha mji na kumfungua.

Angeweza kuondoka wakati ule. Alibaki, akaendelea kuwa raisi wa jimbo. Tarehe 19 mwezi wa sita waasi waliteka Albertville mara ya pili, na katika yale machafuko Jason Sendwe akauawa. Alikuwa na miaka kama 47.

Kisha siku zikakimbia. Wiki moja tu nyuma ya kifo chake, Tshombe alirudi Kongo kutoka Ulaya. Tarehe 30 askari wa mwisho wa ONU wakaondoka. Tarehe 10 mwezi wa saba, yule aliyevunja Kongo akawa waziri mkuu wa Kongo. Tshombe naye hakufika mbali: mwaka uliofuata aliondolewa, akakimbia tena, na 1969 alikufa kifungoni Algeria.

Kitu alichoacha

Mwezi wa kumi na moja 1965, jenerali Mobutu alichukua utawala, na vyama vikafungwa. BALUBAKAT ikaisha pale. Hospitali kubwa ya Lubumbashi inabeba jina la mtu ambaye kwa rangi yake hakuruhusiwa kuwa daktari. Na yule kijana Kabila alifika Kinshasa kama raisi mu 1997, kwa njia ya vita.

Sendwe hakuwa malaika. Chama cha kabila kinafungua mlango ambao ni vigumu kuufunga. Kususia bunge la jimbo kulileta majuto. Alitumaini sana Léopoldville, na miaka ile aliyokaa kule ilimtenga na vijana wake. Lakini mu maisha yake yote ya siasa, alichaguliwa, aliangushwa, alichaguliwa tena, na hakuongoza jeshi lake mwenyewe. Mu Katanga ya wakati ule, si wengi wa kiasi chake wanaweza kusemwa hivyo.

Wakaaji wa Likasi wanajua kama swali lake halikuzikwa naye. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao, wakajazana ku gare ya Likasi wakingoja gari la moshi, na wengine walikufia palepale. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa hapa. Yalikuwa maneno yaleyale ya 1958, mwenyeji na mgeni, yametoka kaburini. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, na mipaka mipya haikujibu swali hilo.

Kila uchaguzi ukikaribia, maneno yale yanaanza tena kutembea sokoni na ku vituo vya gari. Atakayeyasikia mu Kakontwe ao Kikula akumbuke muluba mmoja wa Kabongo, aliyesema kama yeye ni wa Katanga, akakataa kumfukuza jirani wa Kasai juu ya hiyo.